Aliye juu mngoje chini: chini ipi?

Methali hii aghalabu husemwa kwa sauti ya chini. Mtu amedhulumiwa na mkubwa, hana wa kumshtakia, wenzake wanamshika bega: mwache, aliye juu mngoje chini. Ikisemwa hivyo huwa dawa ya kutuliza tu, na wakubwa hawana sababu ya kuiogopa. Vijana wa siku hizi wameshaichoka, wanaigeuza kwa mzaha: aliye juu mfuate huko huko.

Ila tazama inamsemesha nani. "Mpanda ngazi hushuka" ni onyo kwa anayepanda. "Cheo ni dhamana" ni onyo kwa mwenye cheo. Hii yetu haimjali kabisa aliye juu, wala haimshauri awe mwema. Inamwamuru aliye chini, na inamwamuru jambo moja: kungoja. Kungoja nako kuna namna zake, maana kungoja kwa aliyelala si sawa na kungoja kwa aliyetega dema. Kwa maoni yangu methali inataka kungoja kwa mtegaji, na sijaona kisa kinachoipima vizuri, hadi pale inapoanza kuyumba, kama kisa cha Jacob Zuma wa Afrika Kusini.

Kwanza Zuma mwenyewe aliwahi kuwa mngojaji, tena hodari. Juni 2005 Rais Thabo Mbeki alimfukuza umakamu wa rais, baada ya mshauri wake wa fedha, Schabir Shaik, kufungwa miaka 15 kwa rushwa iliyohusu fedha alizokuwa akimpa Zuma. Mwaka 2006 akasimama kizimbani kwa shtaka la ubakaji, akaachiwa huru. Wengi walimhesabu kuwa amekwisha. Kumbe alikuwa matawini, anazungumza na vijana wa chama, vyama vya wafanyakazi na watu wa vijijini waliomwona Mbeki kuwa msomi asiyewasikia. Desemba 2007, kwenye mkutano wa chama tawala, ANC, huko Polokwane, akapata kura 2,329 dhidi ya 1,505 za Mbeki. Septemba mwaka uliofuata chama kikamng'oa Mbeki Ikulu kabla ya muda wake. Aprili 2009 mwendesha mashtaka akaifuta kesi ya rushwa ya Zuma, na Mei Zuma akaapishwa kuwa rais. Alimngoja aliye juu, akampata, akakaa pale pale alipokuwa.

Mtu aliyepanda kwa njia hiyo ungetarajia awaogope wanaobaki chini. Badala yake ni yeye aliyewapa kazi wale waliokuja kumngoja. Thuli Madonsela, Mlinzi wa Maslahi ya Umma, aliteuliwa na Zuma mwaka 2009. Mogoeng Mogoeng alifanywa Jaji Mkuu na Zuma mwaka 2011, huku wakosoaji wakilalamika kwamba rais amejichagulia jaji wa kumlinda. Hao ndio waliomshika.

Kilichoanza ni nyumba. Boma la Zuma huko Nkandla, KwaZulu-Natal, lilikuwa limekarabatiwa kwa fedha za serikali kwa jina la usalama, na gharama ikafika karibu randi milioni 246. Ripoti ya Madonsela ya Machi 2014 ilitaja vitu visivyo na uhusiano wowote na usalama: zizi la ng'ombe, banda la kuku, ukumbi wa wazi, jengo la kupokelea wageni, na bwawa la kuogelea. Serikali ikajibu kwamba lile si bwawa la kuogelea, ni hifadhi ya maji ya kuzimia moto. Mei 2015 waziri wa polisi, Nkosinathi Nhleko, aliwaita waandishi wa habari akawaonyesha video ya wazima moto wakivuta maji bwawani, huku muziki wa opera ukipigwa na yeye mwenyewe akijifuta jasho. Nchi nzima ilicheka. Kicheko kile kilikuwa na uzito wake, kwa sababu mtu anayechekwa na watu wake ameshaanza kushuka hata kama bado ana msafara wa magari.

Machi 31, 2016 Mahakama ya Katiba chini ya Mogoeng, kwa kauli moja, ilisema rais ameshindwa kuilinda Katiba, na ikamtaka alipe sehemu ya gharama zile. Hazina ikapiga hesabu: randi milioni 7.8. Alizilipa kwa mkopo wa benki ndogo ya VBS, ambayo nayo ilianguka mwaka 2018 kwa wizi mkubwa uliowapokonya wanyonge akiba zao.

Baadaye mwaka ule ule wa 2016 Madonsela alitoa ripoti kuhusu ndugu wa familia ya Gupta, wafanyabiashara marafiki wa Zuma, na ushawishi wao ndani ya serikali. Alipendekeza tume ya uchunguzi, jaji wake achaguliwe na Jaji Mkuu, si na rais, kwa sababu rais mwenyewe ni sehemu ya tuhuma. Zuma akaenda mahakamani kupinga, akashindwa. Januari 2018 akatangaza kuunda tume iliyoongozwa na Jaji Raymond Zondo. Hati ya kuiunda aliisaini yeye. Mwezi uliofuata, Februari 14, chama chake kikamlazimisha kujiuzulu, na Cyril Ramaphosa akashika nafasi.

Hapo methali ingeweza kujipumzisha: aliye juu yuko chini. Lakini iko sauti nyingine katika hazina yetu ya misemo isiyokubali kunyamazishwa: ngoja ngoja huumiza matumbo. Miaka tisa ya kungoja ililipiwa. Eskom, shirika la umeme, lilipukutika hadi mgao wa giza ukawa sehemu ya maisha. Tume ya Zondo ilimaliza ripoti zake Juni 2022, zaidi ya miaka minne baada ya kuundwa. Anayemwambia mnyonge angoje amwambie pia ni nani anayelipa gharama ya kungoja, maana aliye juu hailipi.

Tena kuna chini zaidi ya moja. Kushuka madarakani ni jambo moja. Kushuka mbele ya sheria, usimame ulipo kila mtu, ni jingine. Zuma aliitwa na tume akahudhuria, kisha Novemba 2020 akaondoka bila ruhusa. Mahakama ya Katiba ikamwamuru arudi. Akakataa, akisema Zondo ana chuki naye. Juni 29, 2021 akahukumiwa miezi 15 kwa kuidharau mahakama. Hukumu ilisomwa na Jaji Sisi Khampepe, aliyepandishwa hadi mahakama ile na Zuma mwenyewe. Usiku wa Julai 7, dakika chache kabla ya saa sita, msafara ulitoka Nkandla, naye akajisalimisha gereza la Estcourt.

Ghasia zilizofuata KwaZulu-Natal na Gauteng ziliua watu zaidi ya 350. Maduka yaliporwa, maghala yakachomwa. Waliokufa wengi wao hawakuwahi kuketi kwenye ukumbi wa Nkandla. Mkubwa akianguka huwaangukia waliosimama chini yake, na hilo methali hailisemi.

Gerezani hakukaa. Septemba mwaka ule ule aliachiwa kwa parole ya ugonjwa, iliyosainiwa na mkuu wa magereza Arthur Fraser. Mahakama ya rufaa ikasema parole ile haikuwa halali. Agosti 2023 Zuma akarudi Estcourt asubuhi, na siku hiyo hiyo akatoka, kwa msamaha uliotolewa kupunguza msongamano magerezani. Aligusa chini ya sheria kwa ncha ya kiatu.

Iko chini ya tatu, ambayo nadhani ndiyo waliyoitegemea wahenga zaidi: chini machoni pa watu. Methali ilizaliwa katika vijiji na mitaa ambako aliyeshuka cheo hurudi kuishi na wale wale aliowanyanyasa, akakutana nao kisimani na msikitini. Aibu ndiyo iliyokuwa hakimu. Siasa za vyama vya mamilioni hazina kisima kimoja.

Desemba 2023 Zuma alitangaza kuunga mkono chama kipya, uMkhonto weSizwe, jina la jeshi la zamani la ANC, lile lililokuwa na kambi Kongwa, Tanzania. Mei 20, 2024 Mahakama ya Katiba ilimzuia kugombea ubunge, kwa kuwa Katiba inamfungia mlango kwa miaka 5 mtu aliyehukumiwa kifungo cha zaidi ya miezi 12 bila hiari ya kulipa faini. Karatasi za kura zilikuwa zimeshachapwa, na sura yake ikabaki humo. Siku tisa baadaye chama chake kilipata asilimia 14.58 ya kura na viti 58, na KwaZulu-Natal peke yake kikapata karibu asilimia 45. ANC iliangukia asilimia 40, ikapoteza wingi wake kwa mara ya kwanza tangu 1994, na Ramaphosa akalazimika kugawana serikali na wapinzani wake wa chama cha DA.

Wapiga kura wale si wajinga, kama wanavyopenda kusema wachambuzi wa Johannesburg. Walimwona aliye juu sasa kuwa Ramaphosa, tajiri wa migodi, na Zuma kuwa mwenzao wa chini, mchunga ng'ombe asiyesomeshwa, aliyefungwa Robben Island miaka 10. Kwao wao methali ilikuwa inafanya kazi barabara.

Ile kesi ya rushwa iliyofutwa mwaka 2009, inayohusu ununuzi wa silaha, ilifufuliwa mwaka 2018. Mashtaka ni 16, na kampuni ya Kifaransa ya Thales imeshtakiwa pamoja naye. Zuma aliyakana Mei 2021. Mwaka 2025, akiwa ametimiza miaka 83, mawakili walikuwa bado wanabishana kuhusu maombi ya awali.