Jina na Imani katika Njia ya Tabora

Majina mengi ya Kiebrania na ya Kiarabu ni sentensi fupi juu ya Mungu. Ismaili ni "Mungu asikia", Danieli ni "Mungu ni hakimu wangu", Abdallah ni "mtumwa wa Mungu". Lugha hizi ni ndugu, ndiyo maana Obadia wa Biblia na Abdallah wa Waislamu wametoka katika mzizi mmoja na wana maana moja.

Majina hayo yalifika Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi penye Tabora, kwa miguu, pamoja na misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, yakakuta desturi nyingine. Mnyamwezi humwita mtoto kwa jinsi alivyozaliwa: pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, anayewafuata ni Shija; aliyekuja na mvua ni Mabula. Jina la namna hii halimsifu Mungu wala halimwombi, linatunza habari. Watu wa pwani nao walikuwa na Juma na Hamisi, majina ya siku ya kuzaliwa, na si ajabu yakazoeleka bara.

Swali la dini ni hili: je, anayeongoka lazima aache jina lake? Safarini wengi waliyaacha, ingawa si kila mara kwa sababu ya imani. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni akapelekwa India, alifika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857 pamoja na wapelelezi Waingereza Burton na Speke. Anakumbukwa kwa neno la Kiarabu, "aliyebarikiwa", na kwa mji wa ugenini. Jina la Kiyao limepotea. Abdullah Susi, mmoja wa walioupitisha mwili wa bwana wao, mpelelezi David Livingstone, Unyanyembe mwaka 1873, alibatizwa mwaka 1886 akaitwa David. Jina hilo kwa Kiebrania ni "mpendwa", lakini ni vigumu kuamini kwamba lilichaguliwa kwa ajili ya mfalme wa Israeli kuliko kwa ajili ya bwana wake wa zamani.

Mafundisho yenyewe hayadai mengi. Mtume Muhammad alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani mwasi (si Asia, mke wa Firauni), akamwita Jamila. Lakini Umar na Bilal walisilimu na majina yao yaleyale. Kilichopimwa ni maana, si lugha. Kanisa Katoliki lilikuwa kali zaidi: sheria yake ya mwaka 1917 ilimtaka paroko aongeze jina la mtakatifu iwapo wazazi wamechagua lisilo la Kikristo. Sheria ya mwaka 1983 inakataza tu jina lisilopatana na mwelekeo wa Kikristo.

Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe na waziri katika serikali ya Tanganyika huru, alibeba yote mawili: la Kiarabu la dini yake na la Kinyamwezi la ukoo wa kitemi. Kulwa anayesilimu au kubatizwa hana sababu ya kidini ya kuacha kuitwa Kulwa.