Taa ya Chombo na Haki ya Mwingine

Katika masuala ambayo wanavyuoni wameyatafakari tangu kale, si mengi yaliyo karibu na maisha ya mabaharia kama hili: mtu aliyemtegemea Mwenyezi Mungu kwa moyo wa kweli ana haja gani tena ya kujihadhari? Wengi hulijibu kwa hadithi mashuhuri ya bedui aliyeambiwa na Mtume amfunge kwanza ngamia wake, kisha amtegemee Mungu, nao wakanyamaza. Sina ubishi na jibu hilo, ila naliona kuwa ni nusu tu, kwa sababu ngamia yule alikuwa mali ya bedui mwenyewe, na lau angalipotea, hasara ingalimfika yeye peke yake. Taa za chombo cha bahari zina hukumu nyingine.

Chombo cha tanga kisafiricho usiku hutakiwa, kwa kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini zilizokubaliwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977, kiwashe tangu kuchwa hata kucha taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia, kila moja ikimulika nyuzi 112.5 kuanzia omo sawasawa, na taa nyeupe ya tezi imulike nyuzi 135 zilizosalia, hata duara lote la nyuzi 360 litimie pasipo ufa wa giza. Ajabu yake ni kwamba hakuna hata moja katika hizo imsaidiayo nahodha kuona. Hazimwonyeshi mwamba wala fungu. Na mwanga wake ukiangukia sitaha, humharibia macho aliyokwisha kuyazoeza kiza. Faida yote humwendea mtu aliye katika chombo kingine, ambaye nahodha hajui jina lake, wala lugha yake, wala dini yake.

Mafakihi hutenga haki za Mungu na haki za waja. Katika zile za kwanza, mja akitubu hutaraji msamaha wa Mola wake Karimu; bali zile za pili hazifutiki mpaka mwenye haki arudishiwe chake au asamehe kwa ridhaa yake. Kwa maoni yangu taa ya chombo imo katika mlango huu wa pili. Nahodha azimaye taa ili asimalize betri, kisha akasema kwamba Mungu ndiye mlinzi, amesema neno la kweli mahali pasipo pake: shingo yake mwenyewe pengine aweza kuihatarisha, na hata hiyo kwa mipaka, maana uhai ni amana, lakini shingo za abiria waliolala katika jahazi lijalo mbele yake hakukabidhiwa na mtu yeyote, wala hakuwauliza kama wako radhi.

Ikiwa ndivyo, basi sehemu kubwa ya haki hiyo imo mikononi mwa fundi anayebadilisha taa kuukuu na kutandaza waya mpya. Adui wa taa hizi si mawimbi yavunjayo vioo, bali ni chumvi ipenyayo polepole katika maungio ya waya, shaba ikaota kutu ya kijani, mkondo wa umeme ukadhoofika, na taa ikawaka kwa unyonge usioonekana kuwa unyonge kwa aliyesimama gatini. Chombo cha chini ya mita 12 hutakiwa taa zake za ubavuni zionekane umbali wa maili 1 ya bahari, na ile ya tezi maili 2. Hatua kumi za gati si kipimo. Kwa hiyo fundi mwaminifu hung'oa waya wote wa zamani badala ya kuunga kipande, hutia waya wa nyuzi nyembamba za shaba zilizopakwa bati, huzibana ncha zake kwa koleo la kazi hiyo, huzivika mpira unaosinyaa kwa moto, huweka fyuzi karibu na betri, na huchagua unene wa waya kwa kupima urefu wa kwenda na wa kurudi, ili nguvu ipoteayo njiani isizidi asilimia 3. Kisha kazi hiyo yote huzikwa ndani ya mlingoti. Mwenzake aliyesokota nyaya mbili kwa vidole na kuzizungushia utepe hupata ujira ule ule, na siku ya kukabidhi taa yake huwaka vile vile. Tofauti hudhihiri miezi baadaye, usiku, katikati ya Mlango wa Pemba, naye yuko kwake amelala. Ni rahisi kuisifu ikhlasi ukiwa umeketi barazani. Juu ya mlingoti, jua likikuchoma utosi, sifa zake hupungua kidogo.

Tena kuna ovu lililozidi taa kutowaka. Taa iliyozimika hunyima habari, lakini taa iwakayo kinyume hutoa habari ya uongo. Aonaye nyekundu hujua kwamba anautazama ubavu wa kushoto wa chombo kinachoelekea kushoto kwake, naye huongoza usukani wake kwa kuiamini rangi hiyo. Waya wa nyekundu na wa kijani zikibadilishana mahali, ndiye huyo mtiifu wa kanuni atakayeangamia, na mzembe asiyetazama taa huenda akanusurika. Balbu mpya za LED, ambazo hutumia wati 2 au 3 mahali pa 25 za zamani, ni neema kubwa kwa betri. Ila balbu nyeupe isiyolingana na kioo cha taa aghalabu huififiza nyekundu, na ile ya kijani huipotosha rangi yake. Kuna na uongo wa kukusudia. Chombo cha tanga cha chini ya mita 20 kimeruhusiwa kuziunganisha rangi tatu katika taa moja ya kileleni, lakini injini ikishawashwa ili kukiendesha, hata kama tanga limepandishwa, sheria hukihesabu kuwa chombo cha injini, nacho lazima kizime taa ile, kiwashe za ubavuni na ya tezi, na nyeupe ya mbele imulikayo nyuzi 225. Aiachaye taa ya kileleni iwake huku injini ikinguruma anadai apishwe kwa heshima ya tanga asilolitegemea. Huo nauita ushahidi wa uongo, ingawa hapana mdomo uliofunguka.

Nitaambiwa: na mvuvi wa ngalawa, asiyeweza kununua betri wala waya wa bati? Kanuni imemkumbuka. Chombo cha tanga cha chini ya mita 7, kikiwa hakiwezi kuchukua taa hizi, hutakiwa kiwe na kurunzi au fanusi tayari, ya kuonyeshwa mapema kiasi cha kuzuia mgongano. Lakini kurunzi haimfai kitu ikiwa hapana atazamaye, ndiyo maana kanuni ya 5 humwajibisha kila mwenye chombo, na meli kubwa ya shehena imo, kuweka mlinzi wa macho na masikio wakati wote. Basi kila mmoja anamwia mwenzake, ila sioni kwamba madeni haya yana uzito mmoja. Mvuvi hulilipa lake kwa sehemu ya samaki wa siku hiyo, na mwenye mashua ya starehe aliyenunua matanga mapya akaahirisha waya hadi msimu ujao hulikwepa lake pasipo udhuru. Ningeulizwa nani akaguliwe kwanza gatini, ningemtaja huyu wa pili, nimwombe aufungue mlingoti wake. Mvuvi ningemwuliza tu kama kurunzi yake inawaka.