Wajibu wa Asiyeshika Wembe

Hatia na wajibu ni vitu viwili. Hatia humfuata aliyetenda. Wajibu humfuata pia yule ambaye neno lake lingezuia tendo. Juu ya tofauti hiyo husimama hoja ya kuwashirikisha wanaume na wavulana katika kuzuia dhuluma za kijinsia. Ukeketaji katika eneo la Kegonga, Kuria Mashariki, Kaunti ya Migori, unaidhihirisha.

Miongoni mwa Wakuria, wembe hushikwa na ngariba wa kike. Kwa juu juu, mwanamume hayumo. Hata hivyo, msimu wa tohara, ambao kwa kawaida huangukia likizo ya Desemba, husubiri idhini ya inchama, baraza la wazee wa kiume. Baba hutoa ruhusa, na ng'ombe wa mahari huja bomani kwake. Vijana wa kiume husindikiza wasichana. Mchumba anayemkataa asiyekeketwa humtia mama hofu kwamba bintiye hataolewa. Hakuna kati yao anayekata, lakini kila mmoja akijitoa, wembe hukosa kazi.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inayopiga marufuku ukeketaji imeuona mnyororo huo. Humwadhibu mkeketaji kwa kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000. Humwadhibu pia anayejua asiripoti, na anayemdhihaki mwanamke asiyekeketwa au mwanamume aliyemwoa. Dhihaka imehesabiwa kuwa kosa kwa sababu ni shinikizo.

Wapo wanaopinga wakisema mtu mzima ana haki ya kuridhia. Machi 2021, Mahakama Kuu ilitupilia mbali ombi la daktari Tatu Kamau la kupinga sheria hiyo, lililotetea hoja hiyo. Ridhaa hupimwa kwa gharama ya kukataa: msichana ambaye kukataa kutamnyima ndoa na heshima hajachagua kwa hiari. Gharama hiyo kwa sehemu kubwa hupangwa na wanaume, nao wanaweza kuifuta.

Kuwashirikisha wanaume nako kuna hatari yake. Mwanamume akiitwa mlinzi wa wanawake tu, mamlaka hubaki mikononi mwake. Anayeruhusu leo aweza kukataza kesho. Lengo ni "hapana" ya msichana iwe na uzito hata pasipo mwanamume wa kuiunga mkono.

Kwa wavulana, kazi huanza mapema. Hutahiriwa msimu uleule, hivyo hukua wakiamini kwamba tohara yao na ukeketaji ni kitu kimoja, na kwamba uanaume ni kuvumilia maumivu kisha kutawala. Wafundishwe kutenganisha mambo hayo, na ujasiri upimwe kwa uwezo wa kupinga wenzao.

Kitaifa, wanawake waliokeketwa walipungua kutoka asilimia 21 mwaka 2014 hadi 15 mwaka 2022. Desturi basi hubadilika. Huko Kuria, mzee anayenyima msimu idhini, baba anayekataa na kijana anayeoa bila kuuliza kama msichana amekeketwa wanatimiza wajibu wao; anayenyamaza hajautimiza.