Kufunga Hadi Lini?



Huku Rhino Camp na Imvepi upande wa Arua, na kule Lobule, Koboko, wazazi bado wanaulizana juu ya ile miaka ya korona: Je, ilikuwa haki kufunga shule na biashara muda ule wote? Swali hili halijapita. Ugonjwa mwingine ukija, tutaulizwa tena.

Tukumbuke yaliyotokea. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Museveni alitangaza kwamba shule na makanisa yatafungwa, na makanisa yakapewa siku 32. Wakati huo hata mgonjwa wa kwanza alikuwa hajaonekana nchini. Siku zikaongezwa, zikaongezwa tena. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba 2020, mengine yakafuata kidogo kidogo, halafu Juni 2021 shule zikafungwa upya. Watoto wote waliitwa kurudi tarehe 10 Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili. Nasi wakimbizi, Aprili 2020 posho yetu ya chakula ilipunguzwa kwa asilimia 30 kwa sababu WFP ilikosa fedha. Ilipunguzwa wakati ambapo bodaboda walikuwa wamekatazwa kubeba abiria na mipaka imefungwa kwa watu.

Tusiwe wepesi kuhukumu. Wakubwa hawakuujua ugonjwa ule, na wimbi la Juni 2021 lilipofika, hospitali zilijaa na oksijeni ikapungua. Aliyezika mzazi wake siku zile hawezi kusema kwamba kufunga kulikuwa upuuzi. Lakini hesabu ya wagonjwa ilisomwa redioni, na njaa ya mama aliyezuiwa kuuza nyanya haikusomwa. Hapo mizani ilipinda. Hasara ya kufungua huonekana baada ya siku chache, bali hasara ya kufunga huonekana baada ya miaka, mtoto akiwa mtu mzima asiyejua kusoma.

Basi Neno linatufundisha nini? Katika Walawi 13, kuhani alipokuwa na shaka juu ya ugonjwa wa ngozi, alimtenga mtu siku saba. Siku ya saba alimtazama tena. Akiwa bado na shaka, aliongeza siku saba nyingine, kisha akamtazama tena. Angalieni, ndugu: Mungu hakumdai kuhani ajue yote. Alimdai arudi kutazama. Kutojua si dhambi. Dhambi ni kufunga mlango na kumsahau aliye ndani. Kwa hiyo anayefunga ataje siku ya kurudi, na siku hiyo asiuulizie ugonjwa tu. Amuulizie na aliyefungiwa: Je, amekula? Je, amesoma?

Na sisi kanisa tujipime kwa kipimo hicho hicho. Shule zilipofunguliwa, serikali iliruhusu wasichana wenye mimba na wanaonyonyesha warudi darasani. Baadhi ya viongozi wa makanisa nchini walipinga, na hata kati yetu wapo walionong'ona. Lakini tukumbuke kwamba milango ilifungwa ili wazee na wagonjwa wapone. Gharama aliilipa binti yule, aliyekaa nyumbani bila mwalimu na bila ulinzi. Tukimfungia mara ya pili, hatutaweza kusingizia ugonjwa. Itakuwa ni aibu yetu tu.

Wapo ambao hawajarudi hadi leo: kijana anayefyatua matofali, binti mwenye mtoto mgongoni. Mchungaji wa Luka 15 hakungoja kujua kondoo alipoteaje ndipo aende kumtafuta. Basi wiki hii kila nyumba imtaje mmoja, twende kumtazama, na tuulizane nani atamchangia daftari na nani atamshikia mtoto.

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.