Kulenga si Kufuma

Risasi ya bunduki ya upepo ina uzito wa nusu gramu hivi. Ina kiuno chembamba kama cha nyigu na sketi kwa nyuma, na kwa wepesi wake hewa huisumbua kuliko inavyoisumbua risasi ya bunduki ya baruti. (Kiswahili kimeipa madini na kitu kinachorushwa jina moja, na hapa yote mawili ni kweli: ni risasi iliyotengenezwa kwa risasi.) Hapa England, ninakosomea shahada ya uzamili ya hisabati, mtu mzima anaweza kumiliki bunduki ya namna hii bila kibali cha silaha mradi nguvu zake zisizidi jouli 16 na ushee. Kwa nguvu hizo, risasi ya milimita 4.5 hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 240 kwa sekunde. Ikifika mita 45 imepoteza kama robo ya kasi hiyo na imeshuka zaidi ya sentimita 20.

Kujua imeshuka kiasi gani hasa ni kazi ya programu ya simu. Unaiingizia kasi, uzito, kimo cha darubini juu ya mtutu, halijoto, na namba moja inayoeleza jinsi risasi yako inavyoshindana na hewa, iitwayo koefisienti ya balistiki. Programu inakujibu kwa milimita, pengine na nukta juu yake.

Nukta hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Namba ya balistiki haielezi risasi yako moja kwa moja. Inailinganisha na risasi ya mfano, na mfano unaotumika zaidi, G1, ulitokana na majaribio ya mizinga ya karne ya 19. Yaani kidude cha nusu gramu kinapimwa kwa kivuli cha kombora. Kuna mifano mingine iliyotengenezwa kwa ajili ya risasi zenye kiuno, na ni bora. Hata hivyo, risasi ya kopo lilelile ikipigwa kwa bunduki mbili tofauti inaweza kuonyesha namba mbili tofauti.

Mvutano huu ni wa zamani. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha kitabu kuhusu sayansi ya bunduki. Alikuwa akipiga risasi kwenye gogo lililoning'inizwa, kisha anapima gogo limebembea kiasi gani ili ajue kasi. Aligundua kuwa hewa inazuia risasi kuliko walivyodhani wanahisabati waliochora mikunjo mizuri kwenye karatasi. Euler, mwanahisabati mkubwa wa zama zile, aliona kitabu hicho kina uzito kiasi cha kukitafsiri kwa Kijerumani na kukiongezea maelezo yake. Napenda kumkumbuka Robins kila ninaposikia mtu akisema "hesabu inasema".

Sasa fikiria upepo. Upepo wa mita moja kwa sekunde ukivuma kutoka ubavuni huisogeza risasi yetu kama sentimita tatu katika mita 45. Huo ni upepo unaopinda moshi lakini hautikisi jani. Katika mashindano ya shabaha za bati, tundu la kulenga mara nyingi lina kipenyo cha milimita 40. Mtu aliyelenga katikati kabisa, kwa hesabu isiyo na kasoro, atakosa kwa sababu ya upepo ambao shavu lake halikuusikia.

Wapigaji wanalijua hili, kwa hiyo wanasahihisha programu. Wanapiga kwenye karatasi, wanatazama matundu, kisha wanaibadilisha ile namba mpaka programu ikubaliane na karatasi. Mwamba ngoma huvutia kwake. Sioni ubaya katika hilo, maana karatasi imesema na programu imesikiliza. Ubaya unaanza pale mtu aliyepima mpaka mita 35 anaposhusha kidole kwenye kioo, anasoma mstari wa mita 60, na mbele yake si karatasi bali sungura.

Sehemu ya kumuua sungura papo hapo ni ndogo, mithili ya sarafu. Ukikosa sarafu kwenye karatasi unapoteza pointi. Ukiikosa kwa sungura, anaingia shimoni na taya lililovunjika. Hesabu ni ileile na uwezekano wa kukosa ni uleule, ila anayeulipia amebadilika, na huyo anayelipa hakuulizwa.

Mwaka 1877 mwanafalsafa W. K. Clifford alitoa mfano wa mwenye meli aliyejiaminisha kuwa chombo chake kibovu ni kizima. Kwa Clifford, ana hatia hata kama meli ingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alivyoamini. Nimeujadili mfano huu na wenzangu mara nyingi, na nadhani haumtoshi mpigaji wetu. Mwenye meli alikuwa na shaka, akainyamazisha. Mwenye simu shaka haikumjia kabisa; ile nukta iliifukuza kabla haijabisha hodi. Je, asiyepata shaka ana hatia gani?

Nasema anayo. Kipande cha boksi kikisimamishwa mita 60 kingemwonyesha ukweli kwa dakika kumi. Pale ambapo kuhakiki ni rahisi namna hiyo, na maumivu ya kosa ni ya mwingine, kutokuwa na shaka hakuwezi kuwa utetezi. Rafiki yangu mmoja, mhandisi, ananipinga: kwa kanuni hiyo, anasema, daktari asingetoa dawa wala rubani asingeruka. Lakini daktari na rubani wanategemea namba ambazo watu wengine wamezihakiki katika mazingira yanayofanana na yao. Mstari wa mita 60 kwenye simu ya mtu huyu haujahakikiwa na yeyote kwa bunduki yake.

Katika klabu ninayokwenda kutazama yupo mzee mmoja mwindaji aliyebandika kikaratasi kwenye kitako cha bunduki. Kina umbali wa aina nne, wa mwisho mita 32. Kijana mmoja alimwonyesha kwenye simu kuwa namba za mbele zaidi zipo, azijazie tu. Mzee alizisoma kwa makini, akasema zinaelekea kuwa sahihi, akamrudishia simu yake.