Jasho na Daftari

Juzi mwaloni Kirumba, Mwanza, mfanyabiashara mmoja aliniambia kwa mkato: “Maprofesa wa matabaka wameshastaafu, na somo lao listaafu. Maskini wa siku hizi ni mvivu tu.” Maneno hayo yananikera hadi leo.

Mmoja wa maprofesa hao, Issa Shivji, alistaafu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2006, baada ya kufundisha sheria tangu 1970. Pengo la kipato sote tunalijua: huyu anacho, yule hana. Shivji alihoji zaidi: huyu amekipata kwa uhusiano gani na yule? Swali hilo halina umri wa kustaafu.

Turudi kwenye uvivu. Mvuvi wa dagaa huingia ziwani jioni, huwasha taa, huvuta nyavu usiku kucha, hurudi alfajiri viganja vimechubuka. Dagaa wakiuzwa, yanakatwa mafuta, kisha chakula, kisha matengenezo ya injini. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa, na mwenye mtumbwi ana fungu lake nono. Daftari la makato analishika nani? Huyo mwenye mtumbwi, tajiri. Anayesema maskini ni mvivu anionyeshe usiku ambao mvuvi huyu alilala. Akishindwa, atasema basi hana akili ya biashara, hajui kuweka akiba. Kosa likitoka mikononi linahamishiwa kichwani, mradi lisifike kwenye daftari. Hoja ya namna hiyo haishindiki kwa sababu haisimami mahali pamoja.

Wapo wasemao tajiri naye hubeba hasara nyavu zikiibiwa. Ni kweli.

Na sangara je? Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Viwanda vikajengwa Mwanza, minofu ikaenda Ulaya, wengi wetu tukabaki na mapanki, yale mabaki ya vichwa na mifupa yanayokaangwa mitaani. Sasa bondo lake husafirishwa Asia, na kilo yake inaishinda mbali kilo ya minofu. Samaki yule yule, jasho lile lile. Bei imepanda, nani amepanda nayo?

Lakini mgawo wa haki ni upi: kwa jasho, kwa hatari au sawa kwa sawa? Azimio la Arusha la 1967 liliziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na Shivji huyo huyo akaandika mwaka 1976 kwamba warasimu waliokabidhiwa mali hiyo waligeuka tabaka tawala. Daftari hilo tumkabidhi nani, sijui. Ila kutojua kwangu si ruhusa ya kumwita mvuvi mvivu.