Toba ya Saa 72

Kanuni za maabara ya kompyuta kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, yaani zile zinazotawala saa anazojifunza kuandika programu kwa mkono wake mwenyewe, kwa kawaida huhesabiwa kuwa mambo ya utawala tu: muda wa kukabidhi zoezi, adhabu ya kuchelewa, kiasi cha msaada unaoruhusiwa baina ya wenza. Hata hivyo, moja kati ya kanuni hizo imegusa suala lililojadiliwa na wanafalsafa na wanatheolojia kwa karne nyingi, nalo ni kama kosa lililoungamwa kabla ya kugunduliwa lihukumiwe sawa na kosa lililofichuliwa na mwingine.

Kanuni hiyo, iitwayo kifungu cha majuto, iliingizwa mwaka 2014 katika CS50, somo la utangulizi wa sayansi ya kompyuta la Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, ambalo David Malan amelifundisha tangu 2007. Mwanafunzi aliyekabidhi msimbo, yaani maagizo yanayoandikwa ili kompyuta iyatekeleze, ambao si wake, anaruhusiwa kujitokeza kwa wasimamizi ndani ya saa 72 tangu kosa lenyewe. Akifanya hivyo anaweza kupoteza alama za zoezi hilo, lakini hapelekwi mbele ya chombo cha nidhamu cha chuo, isipokuwa awe analirudia kosa.

Ili kupima haki ya kanuni hiyo ni lazima kwanza kuuliza nani hasa anadhulumiwa na kunakili. Hakuna duniani anayehitaji programu nyingine ya kupanga namba kumi kutoka ndogo hadi kubwa. Zoezi hutolewa kwa sababu, kama alivyofundisha Aristotle katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, yapo mambo ambayo mtu hujifunza kwa kuyatenda tu. Anayenakili, basi, hukabidhi kitu ambacho hakikuhitajika na kuzuia kile kimoja kilichoombwa, yaani jitihada yake. Hoja hii haitetereki hata pale msimbo unapotungwa na mashine, pasipo mtunzi wa kibinadamu wa kudhulumiwa.

Kunakili kazi ya mwanafunzi mwingine hugundulika kwa urahisi. Moss, programu iliyobuniwa mwaka 1994 na Alex Aiken, hulinganisha muundo wa kazi za wanafunzi, wala haidanganyiki pale kigeu, yaani jina linalobeba thamani, kinapobadilishwa kutoka «jumla» kuwa «matokeo», huku kitanzi kilekile, yaani maagizo yanayorudiwarudiwa, kikiendelea kuzunguka mara moja zaidi ya inavyotakiwa katika kazi zote mbili. Lakini Moss huonyesha kufanana, si nia. Katika zoezi fupi wanafunzi wawili waaminifu huweza kufika mahali pamoja, na kwa hiyo hukumu hubaki kwa binadamu. Majuto hayamo kabisa katika vipimo vyake.

Wanazuoni wa Kiislamu wametaja masharti ya toba kuwa ni kuacha dhambi, kujuta na kuazimia kutoirudia, na kurudisha haki ya mtu ikiwa ilichukuliwa. Wakatoliki nao hudai majuto, maungamo na malipizi. Kanuni ya saa 72 inafuata mpangilio huohuo kwa karibu sana, kwa kuwa alama zinazopotea ni malipizi, na anayerudia hukosa msamaha. Pingamizi zito ni lile la muda: katika mafundisho ya Kiislamu mlango wa toba hubaki wazi hadi roho ifike kooni, sasa maabara inaufungaje baada ya siku tatu? Jibu ni kwamba mwalimu hasomi mioyo, na kazi zikishalinganishwa hana tena njia ya kutenganisha majuto na hofu ya kukamatwa. Saa 72 ni mpaka wa ujuzi wake yeye, wala si mpaka wa rehema.

Walimu wa somo hilo wameandika kwamba maungamo yamezaa mazungumzo ya dhati na wanafunzi, wengine wakielekezwa kwenye huduma za afya ya akili, na kwamba wao wenyewe sasa hawasiti sana kama zamani kumpeleka kwenye nidhamu aliyepewa nafasi akakataa kuitumia. Rehema iliyotangulia ndiyo iliyoipa adhabu uhalali wake.

Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, katika kitabu cha toba cha Ihya Ulum al-Din, aliyaweka majuto baada ya elimu: mtu kwanza huujua ubaya wa alilotenda, ndipo moyo uume, ndipo atende tofauti. Hapa ndipo kanuni nyingi za maabara hupungukiwa, maana hutaja adhabu bila kueleza madhara. Walimu wanaoandika kanuni hizo vyuoni wanaombwa waongeze kifungu cha majuto, na wakieleze darasani, pamoja na sababu yake, kabla zoezi la kwanza halijatolewa.